Navaa miwani, na cheti cha afya cha urubani daraja la kwanza nimepata

Tangu kidato cha pili navaa miwani, na tangu kidato cha pili naambiwa urubani nisahau. Mjomba alishaanza hata kuulizia bei ya kufanyiwa leza ya macho India. Kumbe wala haikuhitajika.

Nilipimwa afya Dar es Salaam kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kabla hujatoa hela popote hakikisha kibali hicho anacho, maana cheti cha hospitali yoyote tu hakitambuliwi. Mwanafunzi anaweza kuanza na daraja la pili, lakini mimi nikaomba la kwanza, lile la marubani wa biashara. Ada ya shule ya urubani ni mamilioni. Nilitaka kujua mapema kama nafaa.

Mapokezi waliniudhi. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa lensi, miwani iko nyumbani, kikopo cha kuziwekea sina. Nilipopiga simu kuomba nafasi hakuna aliyenidokeza kwamba macho hupimwa matupu kwanza, kisha na miwani. Nikarudishwa. "Si ungeuliza, kaka," dada wa mapokezi akaniambia, na nauli ya kutoka Mbezi ndiyo imeshakwenda.

Daktari mwenyewe ni mtu wa aina nyingine. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba rubani, kaa hapo." Bila miwani, kwenye ubao niliona herufi moja tu, ile kubwa ya juu. Nikajua nimekwisha. Akacheka: hiyo ni 6/60, yaani naona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa mita 60, na ningeikosa hata hiyo ningetakiwa kuleta ripoti kamili ya mtaalamu wa macho. Nikavaa miwani. Kinachotakiwa ni kila jicho lifike 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6, na kwa miwani inaruhusiwa kabisa. Halafu nikasoma maandishi madogo kama ya karatasi ya dawa, karibu, na mengine kwa umbali wa mita moja, mahali vilipo vipimo vya ndege mbele ya rubani.

Kilichonitoa jasho ni kitabu cha Ishihara, vile vidoti vya rangi vinavyoficha namba. Ukurasa wa kwanza ni 12, huo hata mwenye upofu wa rangi anausoma, kwa hiyo usijipongeze mapema. Kijana aliyenitangulia alitoka kimya, bahasha mkononi. Ameandikiwa kwenda kupimwa rangi kwa taa. Miwani haimsaidii mwenye tatizo hili. Nilimuuliza daktari kwa nini wanalishikia bango hivyo. Akanieleza taa nne za pembeni mwa njia ya kutua ndege: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, nyekundu zote nne, umeshuka mno. Na redio ikifa, mnara unakuongoza kwa taa: kijani tua, nyekundu endelea kuzunguka. Sikuwa na swali la pili.

Masikio nusura yaniangushe. Mlio wa chini upande wa kushoto sikuusikia kabisa. Daktari akachungulia: nta! Ikasafishwa palepale, nikarudia, nikasikia kila kitu. Nenda umesafishwa tayari, utajiokolea fedheha. Waya za ECG, kipimo cha moyo, kifuani, presha, mkojo, maswali kuhusu kifafa, usingizi na msongo wa mawazo, yote hayo yalipita haraka. Ukiulizwa kuhusu dawa unazotumia, sema ukweli. Unatia saini chini ya majibu yako.

Cheti changu kinadumu miezi 12. Aliyevuka miaka 40 anayerusha abiria akiwa rubani peke yake hupimwa kila baada ya miezi 6.

Natoa nyota nne. Ya tano wanabaki nayo mapokezi. Kwenye cheti nimeandikiwa sharti moja: nirushe ndege nimevaa miwani, na nyingine ya akiba iwe karibu. Ya akiba nimeshatengeneza Kariakoo, fremu nyeusi, namba zilezile. Mama anasema ndiyo inayonipendeza zaidi, kwa hiyo sasa sijui ipi ndiyo ya akiba.