Kochi la zamani livishwe upya au linunuliwe jipya? Anza na ubao wa mbele

Malalamiko yanayonifikia kuhusu makochi yanafanana mno. Mtu alichagua kitambaa kizuri, fundi akafanya kazi safi, mishono ikanyooka, picha zikatumwa kwa ndugu wote. Miezi michache baadaye kiti cha katikati kimebonyea, ukikaa unasikia mlio, na lawama zote ni za fundi. Wengine hawakuvisha la zamani, walinunua jipya kabisa, na yamewakuta yaleyale. Nikiwauliza ubao wa mbele ulikuwa wa mbao gani, hawajui, kwa sababu hawakuwahi kuutazama.

Kwa hiyo sitazungumzia rangi wala vipimo vya sebule. Hayo unayaweza mwenyewe. Nitakaa kwenye ubao mmoja, kwa kuwa ndio unaoamua kama kochi lako linastahili kitambaa kipya au linastahili kuondoka.

Ubao huo unapita chini ya ukingo wa kiti, kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia. Springi au mikanda ya raba imefungwa hapo na inauvuta kwa ndani usiku na mchana, hata nyumba ikiwa haina mtu. Watu hukaa ukingoni wanapovaa viatu, watoto huukanyaga, na kila anayeinuka huusukuma chini kwanza. Hakuna sehemu ya kochi inayoteswa hivyo. Katika kochi la zamani lililotengenezwa vizuri, ubao wa mbele ni wa mbao ngumu iliyokauka, nene kiasi cha sentimita 2.5 au zaidi, umeingia kwenye miguu kwa ulimi na tundu au kwa vijiti vya mbao vyenye gundi, na kila kona ina kipande cha pembetatu kilichokazwa kwa skrubu. Katika makochi mengi ya bei ya chini ni chipubodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, au ni mbao laini iliyoungwa katikati kwa pini za stepla peke yake.

Chipubodi haishiki pini mara mbili. Ukiing'oa pini, inatoka na chembe za ubao, tundu linapanuka, na kitambaa kipya hakina pa kung'ata. Ndiyo sababu fundi mwaminifu atakuambia kochi la namna hiyo halivishiki. Lilitengenezwa kwa mvao mmoja tu. Plaiwudi nene ya tabaka nyingi ni jambo jingine, hiyo hushika vizuri na haipaswi kutupwa kapu moja na chipubodi.

Kagua hivi. Lipindue kochi. Chini utakuta kitambaa chembamba, mara nyingi cheusi, kimepigwa pini pande zote. Fungua kona moja tu, umulike kwa tochi ya simu. Tazama ubao wa mbele wote, kisha kona zake mbili. Vitobo vidogo vyenye unga laini unaomwagika ukigonga maana yake bungua bado wamo ndani, na kochi hilo lisiingie nyumbani kabla halijatibiwa. Ukishaona, lisimamishe, halafu inua mguu mmoja wa mbele kiasi cha sentimita 15. Mguu wa mbele wa upande wa pili unatakiwa uwe umeinuka pia. Ukibaki chini, fremu inajipinda, na hakuna kitambaa duniani kitakachoinyoosha.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza, bila kusita, ni kuvisha upya kochi la zamani lenye fremu ya mbao ngumu. Hata viungo vikiwa vimelegea, hiyo ni kazi ndogo: vinafunguliwa, vinapakwa gundi upya, vinabanwa kwa jiliwa mpaka vikauke. Springi zilizochoka na mikanda iliyolegea hubadilishwa. Ila usikubali kubadilisha kitambaa ukaacha sponji ya zamani. Hapo ndipo watu wanapookoa fedha kidogo na kupoteza zote.

Kuhusu sponji, wauzaji wanachanganya watu, na hili linaniudhi kweli. Wanakubonyezesha kwa kidole, ukiona inasukuma nyuma wanakuambia ni nzito na itadumu. Ugumu na uzito ni vitu viwili tofauti. Sponji inaweza kuwa ngumu leo na ikabonyea mapema, kwa sababu ndani yake kuna malighafi kidogo na hewa nyingi. Uzito hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Kwa mto wa kukalia nataka 35 au zaidi. Kwa mto wa mgongo 20 hadi 25 inatosha. Na unaweza kupima mwenyewe kwa mizani. Kipande cha sentimita 60 kwa 60 chenye unene wa 12 kikiwa cha uzito wa 35 kitakuwa na takriban kilo moja na nusu. Kikikosa hata kufika gramu 800, umeuziwa sponji ya 18, hata kama imeandikwa nini juu ya nailoni. Nenda na mizani. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Nafasi ya pili ni kununua kochi kuukuu la mtu mwingine lenye mifupa mizuri, kisha ulivishe. Wengi wanaona haya, na sielewi kwa nini. Kochi ambalo limekaliwa miaka 30 na bado halijipindi limeshafaulu mtihani ambao jipya halijaufanya. Jambo la kuogopa ni kunguni. Chunguza mishono, zipu na mikunjo ya chini, utafute vidoa vyeusi na maganda. Ukiviona, acha, hata kama wanakupa bure.

Kwa njia zote hizi mbili kitambaa ndicho kinachokula fedha, kwa hiyo nitasema wazi ninachokipenda: Sunbrella. Sijalipwa kusema hivyo. Kilianza mwaka 1961 kama kitambaa cha mapaa ya vivuli vya nje, na kampuni ya Glen Raven ya Marekani ndiyo inayokitengeneza. Uzuri wake ni kwamba rangi imo ndani ya uzi wenyewe. Huchanganywa na akriliki, plastiki inayotengenezwa nyuzi, kabla nyuzi hazijavutwa, haipakwi juu baada ya kufuma. Ndiyo maana jua la dirishani haliipaushi upesi, na doa sugu hutolewa kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa maji, kitu ambacho kingeharibu vitambaa vingi vya rangi. Ni ghali. Lakini kazi ya fundi ni ileile kwa kitambaa kibaya na kizuri, basi kwa nini uilipie mara mbili?

Ukichagua kingine, uliza idadi ya misuguo kwa kipimo cha Martindale, yaani kitambaa husuguliwa mara ngapi kwa mashine kabla hakijachakaa. Kwa sebule ya kila siku tafuta 25,000 na kuendelea. Muuzaji asiyejua namba hiyo anauza rangi tu. Kochi la watu watatu humeza kati ya mita 12 na 15 za kitambaa chenye upana wa sentimita 140. Maua makubwa au mistari huongeza, kwa kuwa fundi lazima ayaoanishe. Velveti nayo ina mwelekeo wa manyoya, vipande vyote vikatwe upande mmoja, la sivyo kochi litaonekana la rangi mbili.

Nafasi ya tatu ni kununua jipya, kwa masharti. Muuzaji aandike kwenye risiti fremu ni ya mbao gani, sponji ya uzito gani, na mito iwe na foronya za zipu zinazovulika na kufuliwa. Akisema "mbao ngumu" peke yake, hajasema kitu. Nimeshasimama dukani nikaomba kochi lipinduliwe, nikaambiwa utaratibu hauruhusu. Gari huwashwa kabla ya kununuliwa, viatu hujaribiwa, nguo hugeuzwa nje ndani. Kwa nini kochi, ambalo ni ghali kuliko nguo zote kabatini, linunuliwe kwa kutazamwa usoni tu? Na bei zinapanda kila msimu huku ubao wa mbele ukizidi kuwa mwembamba.

Usishawishike na ile ngozi bandia ya poliurethani, ambayo ni plastiki tu. Unyevu wa hewa na jasho huivunjavunja taratibu, kisha inachubuka vipande vipande. Hata ile inayoitwa ngozi iliyounganishwa ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa, na juu yake kuna poliurethani ileile.

Makochi ya bei rahisi kabisa: kama unapanga kwa muda na utahama, nunua. Vinginevyo, hapana. Foronya kubwa ya kufunika kochi zima ni ya kuficha doa, haitibu kitu.

Ukishaamua kuvisha, mwambie fundi asipige kitambaa cha chini mpaka uje. Uone viungo, springi na mikanda mipya, upige picha, upime sponji. Kata mabaki ya kitambaa uyatunze kwa viraka. Malipo ya mwisho yatoke siku hiyo, baada ya kuinua ule mguu wa mbele tena.