Uzoefu wangu na hazina ya picha ya Metropolitan Museum: mwili mtupu enzi kamera ikiwa changa

Mimi ni mchoraji, na siku nyingi nilitamani kuona wasanii wa karne ya 19 waliutazamaje mwili wa binadamu kamera ilipowafikia. Ukitafuta picha hizo ovyo mtandaoni unaangukia uchafu. Tovuti ya Metropolitan Museum of Art, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, imenipa nilichokuwa nakitafuta, tena bure. Hujisajili, hulipi, na tangu 2017 picha za kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha unaruhusiwa kuzipakua na kuzitumia utakavyo.

Raha yake iko kwenye kukuza picha. Fungua ile ya mpiga picha Nadar wa Paris, ya 1860–61: mwanamke kasimama uchi, uso kaufunika kwa mkono. Nadar aliipiga kwa ajili ya mchoraji Gérôme, aliyekuwa akimchora Phryne, yule mwanamke wa Kigiriki aliyevuliwa nguo mbele ya waamuzi. Sasa tafuta mchoro wenyewe wa 1861 uuweke kando. Phryne naye kafunika uso! Ila wa kwenye mchoro amelainishwa mpaka akawa sanamu, na wa Nadar ni mtu kabisa, ana uzito wake sakafuni. Nilikaa na picha hizo mbili jioni nzima, na kwangu aliyeshinda ni Nadar.

Paris ya wakati ule, kumlipa mtu akae uchi mbele yako kwa saa nyingi ilikuwa gharama. Picha unanunua mara moja, unaitumia miaka. Vallou de Villeneuve, mwenyewe mchoraji, alizipiga na kuziuza miaka ya 1850. Mchoraji Delacroix naye mwaka 1854 alishirikiana na mpiga picha Durieu kupanga mikao ya watu wa kupigwa picha. Zilichapwa kwenye karatasi iliyolowekwa chumvi, na picha huzama ndani ya nyuzi zake. Ukikuza unaona ulaini unaokaribia wa mkaa wa kuchorea. Ilibidi pia mtu atulie bila kutikisika, ndiyo maana wengi wamelala au wameegemea kitu. Sheria nayo ilikuwa macho: mpiga picha Moulin alifungwa mwaka 1851 kwa picha zilizohukumiwa kuwa chafu.

Kinachoniuma ni majina. Unaambiwa nani kapiga, kwa karatasi gani, mwaka gani, lakini wanawake wenyewe wengi hawatajwi, kwa kuwa hakuna aliyejali kuwaandika. Kwa hiyo nilipofika kwa mpiga picha Anne Brigman wa California moyo ulitulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipanda milima ya Sierra Nevada, akavua nguo, akajipiga picha mwenyewe kati ya miti iliyopindwa na upepo, na pengine akawapiga dada yake na rafiki zake. Hapo mwili una mwenyewe.

Kwa anayetaka kujaribu: maelezo ni ya Kiingereza, na picha kubwa zinakula bando, hivyo bora kompyuta yenye mtandao mzuri kuliko simu. Anza na jina la mpiga picha, kisha chuja zibaki picha za kamera tu. Ukitafuta uchi kwa jumla utamwagiwa sanamu za Wagiriki na michoro ya kila zama. Tovuti hii naipa nyota tano.