Sensa ya hewa ya pikapu na lori: ipi ununue Arusha na Moshi, na ipi uiache dukani

Pikapu inachoka mlimani, petroli inakwenda kuliko zamani, taa ya injini inawaka, kisha dukani au kwenye simu unakutana na sensa ya hewa (MAF) inayonadiwa kwamba itaongeza nguvu za farasi. Namwandikia mtu aliyefika hapo, hela iko mkononi. Sensa ya hewa ni spea ya maana pale ya zamani ilipokufa. Lakini ukiinunua ili kuongezea injini nguvu, karibu kila mara hela imepotea, na inaniuma mtu anayekula kwa gari lake akiuziwa matumaini ndani ya boksi.

Sensa hii hukaa kwenye bomba linalotoka boksi la ea klina kwenda kwenye injini. Ndani yake kuna uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, umeme unaongezwa ili uzi ubaki na joto lake, na kwa kipimo cha umeme huo kompyuta inajua ni gramu ngapi za hewa zinaingia kila sekunde. Kwenye injini ya petroli, namba hiyo ndiyo inayoamua petroli kiasi gani inyunyizwe. Mizani ya soko la Kilombero haiongezi kilo za viazi, na sensa nayo haiongezi hewa. Hewa inaamuliwa na ukubwa wa injini, valvu, tabo (turbo) kama ipo, na usafi wa ea klina.

Kabla hujatoa hela, hakikisha gari lako linayo. Watu huagiza sensa ya hewa kwa magari ambayo hayajawahi kuwa nayo. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo ndiyo imejaa kwenye utalii wa huku, haina. Hilux na Hiace zenye injini za 3L na 5L hazina. Canter ya 4D33 haina, wala Fuso ya 6D16. Hizo ni dizeli za pampu ya kawaida: zikikosa nguvu, tazama filta ya dizeli, nozo, pampu na ea klina. Sensa utaikuta kwenye Hilux za petroli za 1TR na 2TR, Navara ya YD25, D-Max ya 4JJ1, na baadhi ya malori ya Isuzu ya 4HK1.

Tena dizeli za kisasa haziitumii kama petroli zinavyoitumia. Kwenye dizeli, mguu wako ndio unaoomba mafuta. Sensa inaisaidia kompyuta kuongoza valvu inayorudisha moshi kwenye injini, na kuzuia mafuta yasizidi hewa hadi gari litoe moshi mweusi. Ikifa, kompyuta hujihami na kubana mafuta, na Navara iliyokuwa ikipanda vizuri inaanza kutambaa. Ukiweka sensa nzima unarudishiwa nguvu ya kiwandani, basi. Wengi huonja tofauti hiyo wakadhani sensa mpya imeongeza kitu, na hapo ndipo sifa nyingi za mtandaoni zinapozaliwa.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo sensa hubebeshwa bure. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam au Tanga. Ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, umekosa karibu robo nzima. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo, hata iwe mpya. Gari lililonunuliwa Dar likaletwa Sakina litaonekana limechoka, na hakuna sensa ya kulitibu. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo dereva anayekwenda na kurudi kati ya miji hii miwili anaonja tofauti bila kitu chochote kuharibika. Uzuri wa sensa ya uzi wa moto ni kwamba inapima uzito wa hewa, kwa hiyo mwinuko inauhesabu yenyewe.

Sasa nipange, kuanzia pa kuweka hela kwanza.

Ya kwanza: kopo la dawa ya kusafishia, ea klina mpya na klampu. Hii haiitwi sensa, lakini ndiyo naiweka juu. Vumbi la kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti, la Simanjiro na la njia ya Ziwa Natron ni laini kama unga na linapita kila penye upenyo. Ea klina ikiwa imepasuka, au imepigwa upepo wa kompresa hadi karatasi ikatoboka, vumbi linaganda kwenye uzi, sensa inasoma hewa kidogo kuliko iliyopo, na gari linakosa nguvu. Nunua dawa iliyoandikwa kuwa ni ya sensa ya hewa, inayokauka bila kuacha mabaki. Ya kusafishia kabureta usiitumie. Zima gari, chomoa soketi, fungua skrubu, nyunyiza uzi bila kuugusa kwa kitambaa wala brashi, wala kuupiga upepo, uache ukauke kabisa ndipo uurudishe. Halafu pitia mpira wa hewa wote baada ya sensa: ufa mdogo tu unaingiza hewa ambayo haikupimwa, na gari linaonyesha dalili zilezile za sensa mbovu. Wenye ea klina za kuosha na kupaka mafuta wapake kidogo mno, kwa sababu mafuta yakizidi huvutwa hadi kwenye uzi.

Ya pili: sensa mpya ya kampuni iliyotengeneza ile ya mwanzo. Watengenezaji wa magari wengi hawatengenezi sensa hizi wenyewe. Za Toyota nyingi ni Denso, za Nissan nyingi ni Hitachi, na magari ya Ulaya mengi yanatumia Bosch. Ukinunua kwenye boksi la Denso unapata kitu kilekile kinachouzwa kwenye boksi la Toyota kwa bei kubwa zaidi. Nunua kwa namba, usinunue kwa jina la gari. Sensa za Toyota zina namba inayoanza na 22204, na za Denso mara nyingi hubeba 197400. Nenda dukani na ya zamani mkononi mlinganishe hadi tarakimu ya mwisho. "Hii inaingia kwenye Hilux zote, bosi" ni sentensi ya kukufanya uondoke, kwa sababu sensa mbili zinaweza kufanana umbo na soketi huku zikisoma tofauti.

Shida ya daraja hili ni moja, nayo ni kubwa: jina la Denso linaigizwa sana. Chapa ya wino inayofutika kwa kidole, plastiki yenye kingo mbaya, boksi lisilo na namba inayolingana na iliyo kwenye sensa, na bei iliyo chini mno, hizo ni sababu za kutosha kuirudisha mezani.

Ya tatu: ya boksi la mtengenezaji wa gari, kwa wakala. Ubora ni uleule wa ya pili. Naishusha kwa ajili ya bei tu. Mwenye kampuni ya utalii ambaye gari likilala porini anapoteza wageni, kwake yeye naipandisha iwe ya pili, maana analipia uhakika na ana risiti ya kurudi nayo.

Ya nne: mtumba kutoka Japani. Wapo watakaoshangaa kuiona hapa, juu ya mpya za bei nafuu. Sensa iliyotolewa kwenye gari lililotembea kwenye lami za Japani haijala vumbi kama zetu, na ni ya kiwandani. Ukiikosa Arusha huagizwa Gerezani, Kariakoo, na kupanda kwa basi. Masharti yangu ni mawili: namba ilingane, na muuzaji akubali kwa maandishi kuipokea tena ndani ya siku chache. Kama inauzwa pamoja na kipande chake cha bomba, hakikisha upana ni sawa na wa kwako. Upana ukibadilika, kipimo chote kimebadilika.

Ya tano: mpya isiyo na jina, au yenye jina usilolijua. Nyingine hudumu. Nyingi husoma vizuri gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha zikadanganya ukikanyaga, na huo ndio ubaya wake: taa haiwaki, fundi anahangaika na nozo na plagi, wewe unalipa ufundi kila wiki. Ichukue tu kama gari limekwama na lazima litembee leo.

Ya mwisho kabisa: ya "kuongeza nguvu". Zile zenye bomba pana zaidi zinapitisha hewa nyingi pembeni ya uzi, kwa hiyo sensa inasoma pungufu na kompyuta inatoa petroli pungufu. Katika mwendo wa kawaida sensa ya ekzosi, inayopima oksijeni kwenye moshi, inaligundua hilo na kompyuta inasahihisha, hadi inaposhindwa na kuwasha taa kwa kosa P0171, la petroli pungufu. Lakini ukikanyaga hadi chini na mzigo mlimani, injini nyingi za petroli huacha kuisikiliza sensa ya ekzosi, na unabaki na mchanganyiko wenye petroli kidogo wakati joto liko juu. Hapo injini inagonga, na pistoni inaweza kuungua. Sensa pana ina kazi pale injini imeongezewa tabo, hewa imezidi uwezo wa ile ya kiwandani, na kompyuta imeandikwa upya na mtu anayeijua kazi hiyo. Pikapu ya kubeba vitunguu kutoka Mang'ola haiko huko.

Na ule uwaya mdogo unaochomekwa kwenye soketi ya sensa usiuguse kabisa. Ndani ni rezista ya bei ya pipi inayoidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi, ili imwage petroli zaidi. Utalipia petroli hiyo wewe.

Jinsi ya kujua kama sensa yako imekufa kweli: kwa kifaa kidogo cha Bluetooth cha ELM327, kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia kompyuta ya gari, na programu kwenye simu, soma gramu kwa sekunde injini ya petroli ikiwa ya moto, sailensa, kiyoyozi kimezimwa. Namba inapaswa kukaribia lita za injini, yaani injini ya 2.7 isome karibu na 3, na kwa Arusha haibadiliki sana, kwa kuwa sailensa injini inahitaji uzito uleule wa hewa. Ukikanyaga hadi chini, gramu zikizidishwa kwa 1.25 zinakaribia nguvu za farasi zinazotoka wakati huo, na huko ndiko mwinuko unakoonekana. Fundi asiye na mashine anaweza kuchomoa soketi ya sensa na kuwasha gari: likitulia kuliko lilivyokuwa, shuku sensa. Makosa P0100 hadi P0104 yanaielekea sensa na waya zake, kwa hiyo pima waya na soketi kabla ya kununua.

Ukishafunga mpya, futa makosa, tembeza gari siku kadhaa, kisha tazama masahihisho ya petroli ya muda mrefu (Long Term Fuel Trim) kwenye simu. Yakikaa ndani ya asilimia 10 juu au chini, imekubali. Yakibaki nje ya hapo na mpira wa hewa ni mzima, rudi dukani na risiti kabla muda wa makubaliano haujaisha.