BMW 325i ya Mwaka 2008 Baada ya Kilomita 214,000

Gari ninalolitathmini hapa ni BMW 325i ya milango minne, ya kizazi ambacho wanaoyajua magari haya hukiita E90. Lilitengenezwa mwanzoni mwa mwaka 2008, likatumika Japani kwa miaka kumi na moja, kisha likashuka bandari ya Dar es Salaam likiwa limetembea kilomita 121,000. Nimelimiliki tangu mwaka 2019, na leo dashibodi inasoma 214,000. Kilomita nilizoongeza mimi ni za foleni za Dar es Salaam na za safari za nyumbani Iringa, takriban kilomita 500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ninaandika kwa sababu ninaulizwa kila mara kama ni kweli kwamba gari la Kijerumani lililotembea sana linakula hela, na swali hilo linastahili jibu la mtu aliyetunza risiti zake.

Jibu langu ni kwamba chuma cha gari hili hakichoki mapema. Kinachochoka ni mpira, plastiki na gasketi, navyo huchoka kwa umri na joto zaidi kuliko kwa kilomita. Mwenye kulijua hilo hubadilisha vitu hivi kabla havijamlaza njiani, na akifanya hivyo anabaki na gari zuri mno. Asiyelijua, akangoja kila kitu kife ndipo akitafutie spea, atalichukia kabla mwaka haujaisha.

Nianze na injini, kwa kuwa ndiyo sababu ya kulinunua. Ni N52 ya lita 2.5, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, nguvu farasi 218, haina tabo. Uingizaji wa hewa unadhibitiwa kwa mfumo uitwao Valvetronic, ambao huongeza na kupunguza kina cha kufunguka kwa valvu zenyewe badala ya kutegemea kipepeo cha hewa, na matokeo yake ni injini inayoitika papo hapo unapogusa mafuta. Ukitaka kuielewa, ipeleke mlima Kitonga. Unapanda nyuma ya malori yaliyosheheni, unasubiri upande wa mbele uwe wazi na mstari uruhusu, unashusha gia mbili, na gari linatoka bila kutetemeka, kwa sauti inayopanda kwa ulaini hadi karibu na mizunguko 7,000. Uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na katika kona za mlima ule unausikia usukani ukikueleza tairi zinafanya nini. Sijaendesha gari jingine la bei hii linalofanya hivyo.

Wengi huvutiwa na 320i ya silinda nne kwa sababu ushuru wa injini iliyo chini ya sentimita za ujazo 2,000 ni mdogo zaidi. Ushauri wangu ni kwamba usinunue kwa kufuata ushuru. Injini ya N46 iliyomo katika nyingi kati ya hizo inajulikana kwa sili za valvu zinazoruhusu oili kuungua na kwa vipande vya plastiki vinavyoiongoza cheni ya injini, ambavyo huvunjika, ilhali cheni ya N52 ina sifa ya kudumu muda mrefu sana. Ile nafuu ya bandarini huishia gereji.

Hata hivyo N52 ina jambo moja ambalo fundi asiyelijua ataiharibu nalo. Ili kupunguza uzito, BMW walitengeneza bloku yake kwa magnesiamu upande wa nje na aluminiamu upande wa ndani. Magnesiamu ikigusana na bolti za chuma cha kawaida huliwa na kutu, kwa hiyo bolti nyingi za injini hii ni za aluminiamu. Bolti hizi hukazwa kwa kipimo cha nguvu, kisha huzungushwa kwa pembe ya nyuzi kadhaa zaidi ili zivutike. Zikishavutika mara moja hazirudishwi, hununuliwa mpya. Mwaka wangu wa pili nalo, gereji moja ya mjini ilifungua mfuniko wa valvu kubadilisha gasketi iliyokuwa imekauka, ikazirudisha bolti zile zile na kuzikaza kwa mkono. Baada ya wiki tatu nilisikia harufu ya oili inayoungua kila niliposimama kwenye taa. Nilipofungua boneti jioni na kumulika kwa tochi, niliona mstari mwembamba wa oili ukishuka hadi kwenye egzosti, na bolti mbili zikiwa zimekatika vichwa. Fundi ninayemtumia sasa alitumia siku nzima kuvitoa vipande vilivyobaki bila kuharibu nyuzi za ndani. Tangu siku hiyo, kabla kazi yoyote haijaanza, naomba kuziona bolti mpya mezani. Za asili mara nyingi huwa na rangi ya buluu kwenye ncha, na ukiishika moja kiganjani unashangaa jinsi ilivyo nyepesi.

Mfumo wa kupoza injini ndio unaohitaji nidhamu kuliko yote. Pampu ya maji haizungushwi na mkanda. Ni ya umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua izunguke kwa kasi gani. Pampu hizi mara nyingi hufikia mwisho wake kati ya kilomita 100,000 na 150,000, na zinapokufa hazitoi onyo refu. Ubaya zaidi ni kwamba 325i hii haina mshale wa joto la maji kwenye dashibodi. Ina taa tu, ya njano na kisha nyekundu, na nyekundu ikiwaka unatakiwa kuegesha na kuzima hapo hapo, hata kama umebakiza mita mia mbili kufika sheli. Katika joto la Dar es Salaam, mtu anayesema "ngoja nifike tu" anaweza kuwa amekwisha kupindisha silinda hedi.

Mimi sikusubiri. Nilibadilisha pampu na themostati kwa pamoja nilipofika kilomita 130,000, kwa kuwa vyote viwili viko sehemu moja na kazi ya kuvifikia ni moja. Niliagiza pampu ya Pierburg, watengenezaji wa ile ya kiwandani, na ilinigharimu zaidi ya shilingi laki nane kabla ya ufundi. Ni hela nyingi, lakini kuchonga hedi ni ghali zaidi, na injini iliyonoki haina bei ya kuizungumzia. Kazi hii pia ina hatua ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ni kutoa upepo. Baada ya kujaza kulanti hutakiwi kuwasha injini na kungoja maji yazunguke. Unawasha swichi pekee, unaweka hita kwenye joto la juu kabisa na feni yake kwenye kasi ya chini kabisa, kisha unakanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde kumi. Pampu inaanza kujizungusha yenyewe na kuendelea kwa takriban dakika kumi na mbili, ukisikia maji yakigugumia kwenye mabomba huku injini ikiwa kimya. Ni vyema betri iunganishwe na chaja wakati huo. Ukimwona fundi wako akifanya hivi bila kuambiwa, mshike.

Kwenye oili kuna mshangao mwingine. Mara ya kwanza nilipolipeleka kwa fundi wa mtaani, alizunguka boneti mara mbili akitafuta kijiti cha kupimia.

"Bosi, hii imeibiwa dipstiki."

Haikuibiwa, haikuwekwa. Kiwango cha oili husomwa kwenye dashibodi kwa kitufe kilicho kwenye mkono wa taa za kuashiria kona, injini ikiwa imepata moto barabara. Injini inachukua lita 6.5 pamoja na filta, nami ninatumia 5W-40 yenye kibali cha BMW kiitwacho LL-01, kibali ambacho lazima kiandikwe kwenye kopo lenyewe. Kompyuta ya gari huruhusu muda mrefu sana kati ya oili na oili, hadi kilomita 25,000. Kwa foleni zetu, ambamo injini huunguruma saa mbili kwa kilomita kumi na tano, huo si muda wa kuufuata. Mimi hubadilisha kila kilomita 8,000, na siku fundi alipofungua mfuniko wa valvu kwa mara ya pili, ndani kulikuwa na rangi ya asali, bila tope.

Giaboksi yangu ni ZF 6HP19 ya gia sita. Muuzaji yeyote atakwambia oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe, waliolitengeneza boksi hilo, hupendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Filta yake imeunganishwa na sampu ya plastiki, yaani bakuli la chini linalobeba oili, hivyo unanunua sampu nzima, na kiwango hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa na joto kati ya nyuzi 30 na 50. Oili iliyotoka kwangu ilikuwa nyeusi kama kahawa ya vijiweni. Baada ya kazi hiyo, mshtuko uliokuwepo wakati wa kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili uliisha, na haujarudi.

Chini ya gari, barabara zetu zinadai malipo. Mikono ya mbele ni ya aluminiamu, na bushi zake kubwa zina kimiminika ndani. Zikipasuka, usukani hutetemeka unapokanyaga breki kutoka mwendo mkubwa, na wengi hudanganyika wakabadilisha disiki. Nimezibadilisha mara moja, pamoja na shokapu za mbele. Tairi za kiwandani ni zile zinazoweza kutembea bila upepo, na kwa sababu hiyo gari halikupewa tairi la akiba. Kuta zake ngumu hufanya kila shimo lifike kiunoni. Niliziondoa, nikaweka tairi za kawaida za 225/45 R17, nikanunua tairi la akiba la kuweka kwenye buti, na gari limekuwa tulivu kiasi ambacho abiria hukitambua. Matuta ya vijijini bado lazima upande kwa mshazari na kwa subira.

Kuna jambo moja ambalo halihusiani na starehe wala gharama, na ninaomba lisomwe kwa makini. Magari mengi ya kizazi hiki yalifungwa mifuko ya hewa ya Takata, ile iliyosababisha wito mkubwa wa kurudisha magari duniani. Kilipuzi chake, amonia naitreti, huharibika kadiri kinavyokaa miaka mingi katika joto na unyevu, na siku kikilipuka kinaweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Miji ya pwani yetu ina joto na unyevu mwaka mzima. Kuwa gari limetoka Japani hakuthibitishi kwamba lilibadilishiwa mfuko. Chukua namba ya chesisi na uihakiki kwa wakala wa BMW, na kama wito ulihusu gari lako na haukutekelezwa, lisiendeshwe kwa safari ndefu mpaka libadilishiwe. Mimi nilifanya hivyo kabla ya kubadilisha hata filta ya hewa.

Kuhusu kununua, usiangalie kilomita peke yake. Namba ya dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi, lakini kilomita huhifadhiwa pia kwenye kompyuta ya funguo iitwayo CAS, na fundi mwenye mashine sahihi atalinganisha namba hizo mbili kwa dakika chache. Dai karatasi ya mnada ya Japani na kitabu cha sevisi. Ningechukua gari la kilomita 160,000 lenye kumbukumbu kamili na kuacha la 80,000 lisilo na karatasi hata moja. Angalia pia kama mwenye gari aliwahi kubadilisha betri bila kuisajili kwenye kompyuta. Gari huendelea kuichaji betri mpya kama vile ni ile kuukuu, nayo hufa mapema.

Mafuta nayo yahesabiwe. Katikati ya jiji ninapata kilomita 7 kwa lita, na njia kuu ya Morogoro hadi 12. Anayetaka gari la kwenda kazini na kurudi bila kufikiri asilinunue. Anayependa kuendesha, ana fundi mmoja mwaminifu, na anaweza kutenga fedha ya matengenezo kila mwezi hata pale ambapo hakuna kilichoharibika, hatapata kwa bei hiyo hiyo gari lenye injini nzuri kuliko hii.

Kazi iliyo mbele yangu ni gasketi ya sampu ya oili, ambayo imeanza kutoa jasho upande wa kulia. Haifikiki mpaka fremu ndogo ya mbele ishushwe na injini ining'inizwe kwa juu, kwa hiyo nimeomba siku mbili gereji, na bushi za injini zitabadilishwa wakati huo huo. Gasketi imefika wiki iliyopita. Bolti mpya, zenye ncha za buluu, ziko kwenye mfuko wake mezani kwangu, na nimezihesabu mara mbili.