Vitabu vitatu vya akili mnemba nilivyosoma Tanga: uanze na kipi?

Hamjambo wapenzi watazamaji. Karibuni nyumbani, niko hapa hapa Ngamiani. Mvua ndiyo kwanza imekatika, kwa hiyo mkisikia maji yanadondoka nyuma yangu, ni bati la jirani.

Leo mezani nina vitabu vitatu. Vyote vinahusu akili mnemba. Wapo wanaoiita akili bandia, wapo wanaosema akili unde, Waingereza wanasema AI, mradi tunaelewana. Nimevinunua kwa pesa yangu na nimevisoma mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nikikisifu kitabu, nakisifu mwenyewe.

Kuna mtazamaji aliniuliza, mambo haya ya kompyuta za Ulaya na Marekani yanatuhusu nini sisi watu wa Tanga? Naomba nimjibu kwa habari ya dada yangu. Dada yangu anauza samaki. Alfajiri yuko Deep Sea ananunua, mchana anakaanga, jioni anauza. Kwa muda mrefu mtaji alikuwa anakopa kwenye programu ya simu, elfu hamsini, elfu themanini, na analipa kabla siku haijafika. Siku moja akaomba kama kawaida, simu ikamjibu: "Samahani, kwa sasa hukidhi vigezo." Vigezo gani? Akapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea akamwambia kwa upole kabisa, "Dada, hata mimi huku sioni sababu, mfumo ndio umeamua." Siku tatu hakuenda Deep Sea.

Sasa shika kitabu hiki. *Weapons of Math Destruction*, cha Cathy O'Neil, kilitoka 2016. Huyu mama ni mwanahisabati hasa. Alifundisha chuo kikuu, kisha akaenda kufanya kazi kwenye kampuni kubwa ya uwekezaji, na msukosuko wa fedha wa 2008 ukamkuta akiwa humo humo ndani. Anajua hesabu zinavyopikwa, kwa sababu alikuwa jikoni.

Mwanzoni kabisa anasimulia habari ya mwalimu mmoja wa Washington. Mkuu wa shule anamsifu, wazazi wanampenda. Lakini wilaya ilikuwa imeleta mfumo wa kuwapima walimu kwa alama za wanafunzi, na hesabu ya kompyuta ikasema huyu hafai. Akafukuzwa, yeye na wenzake wengine 205. Yeye mwenyewe alishuku kwamba watoto walikuja darasani kwake wakiwa na alama za juu zilizochakachuliwa mwaka uliotangulia, kwa hiyo waliposhuka ikaonekana yeye ndiye kawashusha. Akauliza, hakuna aliyeweza kumweleza hesabu ile ilifanywaje. Baada ya siku chache tu shule nyingine, ya eneo la watu wenye uwezo, ikamwajiri.

O'Neil anasema mfumo wa hatari una dalili tatu: ndani hauonekani, unagusa watu wengi kwa mpigo, na unaumiza. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Ni dada yangu yule.

Na nilimkumbuka mtu mwingine pia. Babu yetu alikuja mkoa huu kutoka Songea, kukata mkonge. Alikuwa manamba. Watoto wa siku hizi neno hilo wanalisikia kwa makondakta wa matatu za Kenya, lakini kwetu Tanga asili yake ni mashambani: mtu alisajiliwa kwa mkataba, akapewa namba, na namba ikawa ndiyo jina lake. Mfukoni alikuwa na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi. Ukimaliza kazi ya siku, nyapara anakutilia alama. Asipokutilia, siku yako imepotea. Ilikuwa dhuluma, siipambi. Lakini babu alikuwa akisema, nyapara akikunyima alama unamfuata mpaka kwake, unagombana naye, na wenzio wanasikia. Dada yangu agombane na nani?

Hilo ndilo swali lililonifanya nisome hivi vingine viwili. Simlaumu O'Neil kwa kutolijibu lote. Mifano yake karibu yote ni ya Marekani, bima, vyuo, mahakama za kule. Tena ni kitabu cha 2016, kwa hiyo programu hizi zinazoandika na kuzungumza kama mtu hazimo kabisa. Lakini Kiingereza chake ni chepesi. Aliyemaliza kidato cha nne, akiwa na kamusi pembeni, anakimaliza.

Jambo moja ambalo kitabu hakitakwambia, naliongeza mimi: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na inagusa mpaka maamuzi yanayofanywa na mashine yenyewe bila mtu. Kasomeni. Nimemwambia dada yangu naye.

Cha pili nitakipitia haraka. *Atlas of AI*, Kate Crawford, 2021. Hiki ni kigumu. Sentensi ndefu, maneno ya kitaaluma, na kuna sura nililazimika kurudia mara mbili. Hoja yake ni kwamba akili mnemba haikai hewani: inatoka ardhini, kwenye madini kama lithiamu ya betri, kwenye umeme na maji, na kwenye mikono ya watu wanaolipwa kidogo. Kuna kurasa kuhusu utomvu wa mti wa kule Malaya, Malaysia ya leo, uliotumika karne ya 19 kufunika nyaya za telegrafu zilizopita chini ya bahari. Misitu ikafyekwa mpaka miti ikakaribia kwisha. Mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa hapo. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha tani kama 230,000 za mkonge, kisha dunia ikageukia kamba za plastiki, na mnajua wenyewe mashamba yalivyobaki. Kama uko chuo, kinunue. Kama ndiyo kwanza unaanza, kiweke kando kwanza.

Sasa hiki. Naomba nikisogeze karibu na kamera. *Unmasking AI*, cha Joy Buolamwini, kilitoka 2023. Kama mfukoni una pesa ya kitabu kimoja tu, nunua hiki.

Joy asili yake ni Ghana, amekulia Marekani. Akiwa mwanafunzi MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha kule Marekani, alikuwa anatengeneza kioo cha kompyuta, ukijitazama kinakuwekea picha nyingine juu ya uso wako. Kikawa hakimwoni. Uso wake mweusi, mbele ya kamera, programu inasema hakuna mtu. Alikuwa na kinyago cheupe pale ofisini. Akakivaa, papo hapo programu ikamwona.

Nilisoma ukurasa ule nikamwona mama. Mama ameanika singa za mkonge miaka mingi, na vidole vyake vimekuwa laini kama vimepigwa msasa. Ule wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, wakala alimwambia "weka tena, mama", "futa, weka tena", mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Mama alirudi nyumbani anaona haya, kama mtu aliyekosa jambo. Ningekuwa na kitabu hiki wakati ule ningemsomea ukurasa ule siku ile ile.

Na Joy hakuishia kusikitika. Alikusanya picha 1,270 za wabunge wa nchi sita: Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Akazipitisha kwenye mifumo ya kampuni tatu iliyodai kuweza kutambua huyu ni mwanamume na huyu ni mwanamke. Utafiti huo aliuandika na mwenzake Timnit Gebru, ukatoka 2018. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, mfumo mmoja ulikosea hadi asilimia 34.7. Yaani katika kila wanawake weusi watatu, mmoja anaitwa mwanamume. Kwa hiyo akiwaambia wenye kampuni kwamba mfumo wenu hautuoni, anayo hesabu mkononi.

Hapo ndipo nilipopata angalau nusu ya jibu la swali langu. Nyapara wa leo hana nyumba ya kumfuata, lakini ukikusanya ushahidi wa watu wengi kwa pamoja, aliyemtuma anapatikana. Humo humo kuna habari ya wapangaji wa majengo ya Brooklyn, kule New York, waliokataa mlango wa kutambua nyuso, wakamfuata Joy awasaidie. Watu wa kawaida kabisa, kama sisi wa hapa mtaani.

Kasoro zipo. Katikati anaeleza sana safari zake na mikutano yake, na mimi niliona pangepunguzwa. Ila anaandika kama mshairi, na kwenye toleo la kusikiliza anasoma mwenyewe kwa sauti yake. Mwenye bando la kutosha apakue hilo, asikilize huku anafanya kazi.

Kuhusu nakala zenyewe: joto na unyevu wa pwani vinakunja majalada laini. Hiki cha O'Neil mnaona kilivyojikunja, nacho nilikiweka kabatini tu. Vifungeni kwenye mfuko.

Kinachoniuma ni kwamba vyote vitatu nimevisoma kwa Kiingereza, katika mkoa aliozaliwa Shaaban Robert. Dada yangu, ambaye habari zake zimejaa humu, hawezi kuvisoma. Kwa hiyo tumefanya hivi: usiku akimaliza kuuza, anakaa hapo mlangoni anaosha karai, mimi namsomea cha Joy, ukurasa kwa ukurasa, nakitia kwenye Kiswahili kadiri ninavyoweza. Jana tuliishia pale kwenye kinyago. Akanisimamisha, akauliza, "Aliwaambia waliotengeneza?" Nikamwambia subiri. Ndiyo kwanza anarudi sasa hivi, nasikia baiskeli.