Vifaranga vya sato na kambale kwa bwawa la nyumbani: uzoefu wangu Arusha

Bwawa langu ni dogo, mita 5 kwa 4, limetandikwa turubai zito nyuma ya nyumba. Vifaranga nilichukua kwa mzalishaji wa huku huku mkoani: sato 60 na kambale 10.

Usafirishaji nawapa alama zote. Samaki walikuja kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni, na kijana aliyewaleta alikataa katakata niwamwage papo hapo. Mifuko ilielea kwanza bwawani mpaka joto la maji ya ndani na ya nje likakaribiana. Waliokufa ni wa kuhesabika.

Kambale ni kiboko. Ana kiungo juu ya matamvua cha kuvutia hewa ya kawaida, kwa hiyo maji yakiharibika yeye hana habari. Kasoro yake ni ulafi: wakipishana sana ukubwa, wakubwa wanawala wadogo. Na usiku wa mvua anaweza kutambaa akatoka, kwa hiyo inua kingo.

Sato ndiye anayetaka uangalizi. Ukizidisha samadi ya kurutubisha maji, maji yanakuwa kijani kibichi, na alfajiri unawakuta wote juu wanatweta, kwani usiku mwani (vijimea vinavyoyapa maji rangi hiyo) nao unatumia oksijeni. Mimi natumbukiza mkono: kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, naacha samadi na kuongeza maji safi.

Lingine ni baridi. Sato anakua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30, na maji yetu ya Juni na Julai hayafiki huko. Anasusa chakula, na ukiendelea kumwaga kinaoza tu. Ile “miezi sita unavuna” ya wauzaji ni ya Dar, si ya huku mlimani.

Malalamiko ninayo moja. Niliuziwa sato kama madume tupu, nikaja kuona vitoto vinazagaa pembeni mwa bwawa. Wakizaana hovyo wanajazana na kudumaa. Kilichoniokoa ni wale kambale, walivifyeka vyote.

Kwa ladha, sato bado yuko juu, hasa wa kukaanga. Ila kama huna muda wa kuchungulia bwawa kila asubuhi, chukua kambale peke yao. Mimi nitaagiza tena wote wawili kwa yule yule, baridi ikiisha, na kambale nitawataka wadogo kuliko sato, la sivyo watawala hata hao niliowalipia.