NAEP Data Explorer: nzuri kwa kulinganisha majimbo, haifai kwa shule ya mwanao

Kila jimbo la Marekani huchagua mtihani wake na hujipangia lenyewe alama ya kufaulu. Wisconsin ilibadilisha alama zake mwaka 2024, asilimia ya waliofaulu ikapanda. Aliyeilinganisha na ya 2023 alilinganisha alama mbili tofauti za kufaulu. NAEP, mtihani wa kitaifa unaofanywa na sampuli ya wanafunzi, unapima majimbo yote kwa kipimo kimoja, na Data Explorer ndiyo zana ya bure ya kuchambua matokeo yake mtandaoni.

Unachagua somo, darasa, mwaka, kisha majimbo. Hapo kwenye majimbo ndipo wengi wanateleza: orodha ina "taifa" na "taifa, shule za umma". Matokeo ya majimbo ni ya shule za umma tu, kwa hiyo chukua hiyo ya pili. Kwenye takwimu, anza na wastani wa alama, halafu asilimia ya waliofika ngazi ya umahiri na kuipita. Mwisho endesha jaribio la tofauti; usipolifanya, pengo la alama mbili linaweza kuwa limetokana na sampuli tu.

Kinachopotosha zaidi ni hiyo ngazi ya umahiri. Kwa kusoma darasa la nne, kwenye kipimo cha 0 hadi 500, ngazi ya msingi inaanzia 208 na umahiri 238. Wastani wa taifa mwaka 2024 ulikuwa 215. Umahiri wa NAEP uko juu ya kiwango cha kawaida cha darasa, na majimbo mengi yameweka alama yao ya kufaulu ndani ya ngazi ya msingi. Kwa hiyo jimbo likitangaza ufaulu mkubwa kuliko wa NAEP, usikimbilie kusema limechakachua.

Fungua ripoti ya NCES, kituo cha serikali ya Marekani cha takwimu za elimu, inayooanisha viwango vya majimbo na vya NAEP. Wanachukua asilimia ya waliofaulu mtihani wa jimbo katika shule zilizofanya NAEP, kisha wanatafuta alama ya NAEP iliyovukwa na asilimia hiyohiyo. Ndiyo kazi bora kuliko zote hapa, na inasikitisha kwamba imewekwa mbali na zana yenyewe.

Matokeo ya shule hayamo kabisa. Kuna wilaya chache za miji mikubwa kama Chicago na Boston. Kwa shule ya mwanao, tumia ripoti ya jimbo, na ulinganishe na shule za jimbo hilohilo, mtihani uleule, mwaka uleule.